Shajara ya mradi: kuwarudisha maksai kwenye nira kabla ya mvua, Misungwi

Julai, mwanzoni

Kikundi chetu kiko kando ya Ghuba ya Mwanza, upande wa Misungwi. Ni watu wa pamba, mahindi na mpunga, na karibu wote wanalima kwa plau. Mradi tulioanza mwezi huu ni mdogo: jozi chache za maksai, daftari, utepe wa fundi cherehani na kiangazi kizima mbele yetu. Tunataka kufuatilia jinsi msuli wa maksai unavyopungua tangu nira inapotundikwa hadi mvua zinaporudi, na kutafuta namna ya kuurudisha mapema, kabla mnyama hajaanza kuchapwa kwa udhaifu usio kosa lake.

Jambo lenyewe kila mkulima wa huku analijua. Ikinyesha mvua ya kwanza ya maana, kila kaya inakimbilia shambani siku hiyohiyo. Maksai aliyekaa miezi bila kuvuta kitu anafungwa alfajiri, na ifikapo saa nne anapiga magoti kwenye mfuo. Mmoja atasema ni mvivu, mwingine atasema ni ndigana, ugonjwa wa homa unaoletwa na kupe. Ndigana ipo, na hatuipuuzi: kila mnyama wa mradi amepimwa joto na kukaguliwa kupe kabla jina lake halijaingia daftarini. Lakini wengi wanaopiga magoti hawana homa. Wana misuli iliyoliwa.

Mimi nimesomea mifugo ngazi ya diploma na nimekulia kwenye boma lenye maksai, kwa hiyo daftari limekabidhiwa kwangu. Wazee wa kikundi ndio wenye wanyama na ndio wenye neno la mwisho.

Julai, mwishoni

Mizani ya ng'ombe hatuna. Tunatumia utepe na hesabu ya zamani: unapima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, unauzidisha kwa wenyewe, unazidisha tena kwa urefu wa mwili kuanzia ncha ya bega hadi mfupa wa kalio, kisha unagawanya kwa 10,840. Vipimo vikiwa vya sentimita, jibu linakuja kwa kilo. Maksai mwenye kifua cha sentimita 150 na urefu wa sentimita 130 anafika kama kilo 270, na huo si uzito wa kushangaza kwa zebu wetu wa pembe fupi. Tunapima asubuhi kabla ya malisho na maji, maana tumbo lililojaa linautanua mwili na utepe unasoma uongo.

Uzito peke yake hausemi mengi. Kilo zikipungua, zimetoka wapi: kwenye mafuta, kwenye tumbo au kwenye msuli? Hapo tunatumia mkono. Shilingi, maksai wa kushoto katika jozi ya mzee mmoja wa kikundi, ni mnyama mrefu mwekundu mwenye nundu iliyolala upande. Ukiweka kiganja mgongoni mwake, nyuma ya ubavu wa mwisho, vidole vinakutana na ncha za mifupa, moja moja, na kati ya ncha hizo na uti wa mgongo pana bonde. Bonde hilo ni nyumba ya msuli mrefu wa mgongo, na mwezi wa pili lilikuwa limejaa. Shuka pajani, upande wa nje: nyama inalegea chini ya vidole, na ukimsogeza hatua moja unaona mfupa wa nyonga ukicheza chini ya ngozi.

Ili tusitegemee macho na kumbukumbu, kila mnyama ana kamba yake ya katani. Tunaizungusha pajani usawa wa mkunjo wa ubavu, tunafunga fundo pale ncha inapokutania, tunaitundika kwenye msumari chini ya jina lake. Fundo jipya linafungwa kila tunapopima. Mtu asiyejua kusoma anaiona safari ya mnyama wake kwa kushika kamba tu, na hili limewapendeza wenye mifugo kuliko hesabu zangu zote.

Agosti, wiki za mwanzo

Mzee mwenye Shilingi aliuliza swali ambalo limeupa mradi mwelekeo. "Mwanangu, ng'ombe hawa wanatembea kutwa. Asubuhi malishoni, mchana ziwani, jioni zizini. Wamekosa zoezi gani?"

Hawajakosa zoezi la kutembea. Wamekosa zoezi la kuvuta, na wamekosa chakula. Hivyo viwili vinaula msuli kwa njia tofauti.

Msuli umeundwa na nyuzi zisizo za aina moja. Zipo nyuzi za polepole, zinazofanya kazi muda mrefu bila kuchoka. Hizi ndizo zinazomsimamisha mnyama na kumtembeza. Zipo na nyuzi za haraka, zinazoitwa pale nguvu kubwa inapohitajika: kuruka mtaro, kupigana pembe, kulitoa plau lililonasa kwenye kisiki. Watafiti walizipambanua hasara hizo mbili kwa panya. Miaka ya 1970, katika kituo cha Ames cha NASA huko California, Emily Morey-Holton na wenzake walitengeneza njia ya kumwinua panya kwa mkia ili miguu ya nyuma isiguse chini, kuiga hali ya chombo cha angani. Msuli wa soleasi, ulio nyuma ya mguu na wenye nyuzi nyingi za polepole, hupoteza kati ya theluthi na nusu ya uzito wake ndani ya wiki 2 hivi. Misuli ya nyuzi za haraka kwenye mguu huohuo haipungui kiasi hicho. Njaa inapita upande wa pili: inaanza kula nyuzi za haraka na kuziacha za polepole zikiendelea na kazi.

Sasa mtazame ng'ombe wetu wa Agosti. Anatembea kila siku, kwa hiyo nyuzi zake za polepole zina kazi. Analala na njaa, kwa hiyo nyuzi za haraka zinaliwa. Na hakuna mzigo mzito unaouambia mwili kwamba nyuzi hizo bado zinahitajika. Ndiyo maana anafika Novemba akiwa na pumzi ya kwenda ziwani na kurudi, lakini hana nguvu ya kulisukuma bega kwenye nira.

Nikampigia mzee hesabu kwa kijiti chini. Maksai anaweza kuvuta kwa saa kadhaa kitu kama asilimia 10 hadi 12 ya uzito wake. Mwenye kilo 270 anavuta kama kilo 30, jozi inavuta 60. Plau la ng'ombe linadai kati ya kilo 60 na 120 kutegemea udongo na kina. Kwenye luseni, udongo wetu wa mchanga wa juu, jozi moja nzima inapita. Ukishuka mbugani kwenye udongo mweusi, hata mwenye jozi nene anaongeza jozi ya pili. Jozi ikikonda hadi kilo 220 kila mmoja, inabaki na nguvu ya kama kilo 50. Plau halijui kwamba wamekonda.

Mzee alikaa kimya, kisha akasema miezi yote ya kiangazi mkokoteni wake umeegeshwa nyuma ya nyumba na watoto wanachota maji kwa ndoo. Nimeliandika hilo kwa herufi kubwa.

Agosti, kuhusu chakula

Hatujamfunga mnyama yeyote nira, na hatutamfunga mpaka amekula vya kutosha kwa wiki kadhaa. Kumvutisha mzigo mnyama ambaye mwili wake bado unavunja protini zake ni kumwongezea deni. Mwaka 2001 watafiti walitambua jeni mbili zinazoamka kila msuli unapopotea, iwe kwa njaa, kwa kulala au kwa mshipa wa fahamu kukatwa. Panya waliozaliwa bila mojawapo ya jeni hizo walipoteza msuli kidogo kuliko wenzao. Kwa hiyo kukonda si msuli kukauka wenyewe tu. Mwili unautia msuli alama, unaumega na kuutumia kwingine, na utaendelea kufanya hivyo mpaka chakula na kazi viuambie uache.

Majani makavu ya sasa yana shida inayojificha. Protini ya jani ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vya tumboni vinavyomsagia ng'ombe nyasi vinadhoofika, na mnyama anakula kidogo hata kama nyasi zimejaa mbele yake. Mabua ya mahindi na mpunga yapo chini ya kiwango hicho. Huku kwetu dawa yake ni mashudu ya pamba, yenye protini kati ya asilimia 20 na 40 kutegemea maganda yametolewa kiasi gani, pamoja na pumba za mahindi kwa ajili ya nguvu. Kilo moja hadi mbili za mashudu kwa siku zinatosha kumwamshia maksai hamu ya kula mabua yale yale aliyoyadharau.

Kikao cha mashudu kilikuwa kirefu. Mama mmoja wa kikundi alisema wazi kwamba mashudu yakiingia kwake, wa kwanza ni ng'ombe wa maziwa, kwa sababu ndiye anayelisha watoto sasa hivi, si Novemba. Sikumpinga, na sidhani kama kuna wa kumpinga. Tulichokubaliana ni kwamba maksai waingizwe mapema ngitili, yaani malisho yaliyofungwa na kutunzwa kwa ajili ya kiangazi, kabla ya ndama na kabla ya ng'ombe wakavu, na mashudu yao yaanze mwishoni mwa mwezi huu tu. Mwenye ngitili iliyotunzwa anamwokoa maksai kwa gharama ndogo kuliko mwenye fedha ya mashudu, na kaya zilizoacha kuzitunza sasa zinazikumbuka.

Septemba, Sumuni

Sumuni ni mweusi mwenye baka jeupe kifuani. Mwezi wa sita aliingiwa na mwiba kwenye kwato ya nyuma kulia, ukaoza, akasimama kwa miguu mitatu muda mrefu. Siku mbaya kuliko zote alilala na hakutaka kuinuka. Tulimgeuza upande mmoja hadi mwingine kila baada ya saa chache, usiku na mchana, juu ya majani mengi ya mpunga, na nitaeleza kwa nini. Mnyama mwenye uzito huo akilalia mguu mmoja, uzito wake wenyewe unabana damu isifike kwenye paja. Victor Cox na wenzake kule Minnesota walilionyesha hili mwaka 1982 kwa kuwalaza ng'ombe wakiwa wamepigwa dawa ya usingizi, mguu ukiwa chini ya mwili, kwa saa 6 hadi 12. Baadhi yao walishindwa kusimama tena, ingawa kabla ya hapo walikuwa wazima kabisa. Ng'ombe analala kwa sababu moja, halafu anashindwa kuinuka kwa sababu ya pili iliyozaliwa na kule kulala.

Sumuni aliinuka. Daktari wa mifugo alifungua jipu, kwato imepona, hachechemei tena akitembea taratibu. Lakini simama nyuma yake umtazame. Paja la kushoto limekonda kama la wenzake wote wa kiangazi. La kulia limeingia ndani, na juu kidogo ya goti kuna shimo ambalo ngumi yangu inakaa.

Nimemtazama mnyama huyu kuliko wengine wote. Paja la kulia na la kushoto yamepata damu moja, chakula kimoja, njaa moja, kupe wale wale. Kilichotofautiana zaidi ni kazi. Ukiondoa ukondefu wa kushoto kwenye ukondefu wa kulia, kinachobaki kwa sehemu kubwa ni hasara ya kutotumika. Kamba zake mbili zinaning'inia pamoja msumarini na umbali kati ya mafundo yake unaonekana ukiwa mlangoni.

Tunamrudisha kwa maji. Pana sehemu ya ufuko yenye mchanga mgumu ambapo mifugo yote hunywa, na kina kinaongezeka taratibu. Maji yakifika tumboni yanabeba sehemu ya uzito wake, na wakati huohuo yanamzuia kila hatua, kwa hiyo mguu unafanya kazi bila kubeba mnyama mzima. Farasi na mbwa waliopasuliwa miguu hutembezwa kwenye matangi ya maji kwa sababu hiyohiyo. Kijana anayemwongoza anabaki nchi kavu na kamba ndefu, kwa sababu ya kichocho, na hatuendi asubuhi sana wala jioni kwa sababu ya mamba na viboko. Baada ya maji anapandishwa mwinuko mdogo, polepole. Mwinuko ndio unaomlazimisha kusukuma kwa nyuma. Kwenye tambarare anauficha mguu mbovu na kuutumia mzima.

Septemba, gogo na mizani ya sangara

Wenye afya wameanza kuvuta. Wiki ya kwanza ilikuwa nira tupu na kutembea sambamba. Baada ya hapo gogo lenye panda, juu ya luseni kavu, kwa muda mfupi asubuhi. Tunaongeza mawe au tunaongeza muda, si vyote viwili ndani ya wiki moja, na baada ya siku ya kuvuta inafuata siku nyepesi.

Kujua wanavuta kiasi gani tuliazima mizani ya kuning'iniza mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, ile ya kupimia sangara. Inafungwa kati ya mnyororo wa nira na gogo. Mtu mmoja anatangulia mbele, mwingine anatembea pembeni akisoma mshale. Mwanzo wa kuvuta mshale unaruka, kisha unatulia jozi ikishika mwendo. Tunaandika pale unapotulia. Tukipata kama asilimia 10 ya uzito wa jozi, na wakaendelea bila kusimama wenyewe, tunajua tumefika kwenye mzigo unaoujenga msuli. Chini sana ya hapo ni matembezi yenye kelele ya mnyororo.

Mapigo tunayahesabu chini ya mkia, kwa vidole viwili. Ng'ombe mkubwa aliyetulia yuko kati ya 48 na 84 kwa dakika. Baada ya kuvuta yanapanda, hilo halina neno. Tunachotafuta ni yanashuka haraka kiasi gani baada ya mapumziko ya dakika kumi. Mnyama ambaye hayajashuka haongezewi mzigo wiki inayofuata, hata mwenye mali akisema anaweza. Pumzi ya kazi inatokana na mitokondria, vinu vidogo vya nguvu vilivyo ndani ya msuli, na hizo huja na kuondoka upesi. John Holloszy alionyesha mwaka 1967, huko St. Louis, kwamba panya waliokimbizwa kwa wiki nyingi huongeza sana vimeng'enya vya mitokondria zao. Yeye na Frank Booth walikuja kuonyesha miaka ya 1970 kwamba mazoezi yakikoma, nusu ya nyongeza inapotea ndani ya wiki moja hivi. Kwa hiyo jozi iliyofunzwa Septemba kisha ikaachwa Oktoba nzima ikisubiri mvua itakuwa imerudi karibu na ilipoanzia kwa upande wa pumzi.

Kuna vitu viwili visivyokwenda kwa kasi ya msuli, na hivi ndivyo vinavyoharibu kazi ya watu wenye haraka. Kano zinazoushika msuli kwenye mfupa zinapata damu kidogo na zinaimarika taratibu sana. Mnyama anaweza kuonekana amejaa huku kano zake bado ni za kiangazi. Na ngozi ya shingo inahitaji muda kujenga sugu. Tumelainisha nira zote kwa kipande cha chupa na kuzipaka mafuta, na anayeonekana na unyevu mwekundu chini ya nira anapumzishwa hadi pakauke. Kidonda cha shingo kikifunguka Oktoba, mkulima amempoteza maksai huyo kwa msimu.

Siku ile ya kuazima mizani kulikuwa na kamongo wawili kwenye karai, na mvuvi mmoja akaniuliza mbona samaki huyo anaweza kulala kwenye tope kavu zaidi ya mwaka bila kula wala kujongea, na maji yakirudi anaogelea. Kamongo anapunguza moto wa mwili mpaka karibu uzime, na anajila msuli wake kwa kipimo kidogo sana. Dubu weusi wa Amerika Kaskazini nao wana uwezo wa namna yao: kwa mujibu wa vipimo vilivyochapishwa mwaka 2001, baada ya siku 130 za kulala majira ya baridi walikuwa wamepoteza chini ya robo ya nguvu zao. Ng'ombe hana kinga hiyo. Mvuvi alisema basi ng'ombe ndiye anayestahili kuhurumiwa, na nilikubaliana naye kabisa.

Oktoba

Sasa tofauti inaonekana kati ya maksai wazoefu na madume machanga yanayofundishwa nira kwa mara ya kwanza. Wote wamekula sawa, wote wamevuta gogo lilelile. Mafundo ya wazoefu yanasogea mbele zaidi.

Sehemu ya sababu ni ufundi. Shilingi anajua kuegemea nira pamoja na mwenzake, hapotezi nguvu kwa kuvutana. Sehemu nyingine iko ndani ya msuli wenyewe. Uzi mmoja wa msuli una viini vingi, na kila kiini kinahudumia eneo lake. Uzi unapokua unaazima viini vipya kutoka kwenye seli ndogo zilizolala pembeni mwake, ambazo Alexander Mauro alizieleza mwaka 1961 baada ya kuziona kwenye msuli wa chura. Mwaka 2010 kundi la Kristian Gundersen wa Chuo Kikuu cha Oslo lilionyesha kwa panya kwamba viini hivyo huongezeka kabla uzi haujanenepa, na msuli ukikonda baadaye, viini vinabaki hata baada ya miezi 3. Ni kama nyumba iliyobomoka kuta lakini msingi ungalipo. Mwaka 2019 watafiti wa Kentucky walipata jibu jingine: panya waliokimbia kwenye gurudumu lenye uzito kwa wiki 8 kisha wakapumzishwa wiki 12 walivipoteza viini walivyovipata. Wapo sasa wanaotafuta kumbukumbu hiyo kwenye alama zinazobaki juu ya jeni.

Kwa mkulima wa Misungwi mabishano hayo hayabadilishi uamuzi. Kila Agosti watu wanapeleka maksai wazoefu mnadani kwa bei ya mifupa kwa sababu wamekonda, halafu Oktoba wananunua vijana wanono kwa bei kubwa. Wanauza uwezo ambao ungerudi kwa mashudu na gogo, wananunua nyama ambayo haijawahi kuvuta. Nimelisema hili kwenye kikao na nitaendelea kulisema.

Novemba

Mvua imenyesha. Jozi za mradi zimelima luseni asubuhi, na tumewasihi wenyewe wafungue nira saa tano, jua halijawa kali, hata kama sehemu imebaki. Shilingi na mwenzake walimaliza wakiwa wamesimama na wakaanza kula palepale. Jozi moja ilishindwa mbugani na ikasaidiwa na jozi ya jirani. Hiyo ni kawaida ya mbuga, sihesabu kama kushindwa kwa mradi.

Nje ya mradi tuliitwa kwa maksai aliyekuwa hajavuta kitu tangu palizi, akalimishwa kutwa siku ya kwanza. Misuli ya makalio ilikuwa migumu kama... hapana, niandike nilichogusa: migumu, yenye joto, na alijikunja nilipobonyeza. Mkojo ulikuwa wa rangi ya kahawa. Wenyewe walishaanza kutafuta dawa ya kupe, kwa sababu mkojo mwekundu huku unajulikana kuwa wa kupe. Lakini hakuwa na homa, na utando wa jicho haukuwa mweupe. Rangi ile ilikuwa ya msuli uliopasuka na kumwaga yaliyomo kwenye damu, na figo zikabeba mzigo. Ulaya, enzi za farasi wa mikokoteni, waliita ugonjwa wa Jumatatu asubuhi: farasi alipumzika Jumapili akiwa amejazwa nafaka, Jumatatu akafungwa kazini na misuli ikakaza. Tulimweka kivulini, maji mengi, hakuna kutembezwa, na daktari wa mifugo akaja jioni hiyohiyo. Amepona, lakini hatarudi kwenye plau msimu huu.

Kila mwenye plau auangalie mkojo wa mnyama wake siku za kwanza za kulima. Ukiwa wa kahawa, fungua nira pale pale na umwite mtaalamu. Joto la mwili litamsaidia kutenganisha kazi na kupe.

Disemba

Sumuni amevuta mkokoteni mtupu, kisha mkokoteni wenye madebe ya maji. Fundo la kulia linalifuata la kushoto lakini halijalifikia. Plau bado, na mwenye mali amekubali kusubiri hadi mwakani.

Mizani imerudishwa mwaloni kwa shukrani na samaki wawili tulionunua hapohapo. Kikundi kimekubaliana kuhusu kiangazi kijacho: mikokoteni isiegeshwe. Kila jozi ivute maji, mchanga au mawe walau mara mbili kwa wiki kuanzia mavuno, mzigo ukiwa wa kuwafanya waegemee nira, si wa kuwatembeza tu. Ngitili zinafungwa mwezi huu, na anayeingiza mbuzi anajua faini yake. Kamba za katani zitabaki msumarini kwa majina, na kupima kutaendelea hata kwenye miezi ya majani mengi, ili Julai ikifika tuwe na fundo la mnyama akiwa amejaa la kulinganishia. Wenye jozi ambao hawamo kwenye mradi na wanataka kupimiwa waje alfajiri, kabla ya maji, na kila mmoja aje na kamba yake.